Kunakili Hapsikodi za Kifaransa

Hapsikodi ni kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa, tofauti na piano ambayo nyuzi zake hugongwa kwa nyundo. Mpigaji anapobonyeza kibonyezo, kijiti chembamba cha mbao huinuka, na ncha ya bua la unyoya wa kunguru iliyochomekwa ubavuni mwake huudonoa uzi. Hapsikodi zilizoundwa Paris katika karne ya 18 ni miongoni mwa zilizonakiliwa zaidi katika karne ya 20.

Mafundi wa Paris wenyewe walijifunza kutokana na kazi za wenzao. Hapsikodi za ukoo wa Ruckers wa Antwerp zilipendwa mno Ufaransa kwa sauti yake, lakini vibonyezo vyake havikutosha kwa muziki mpya. Akina Blanchet na wenzao wakawa wanazifumua, wanapanua sanduku na kuongeza vibonyezo na nyuzi, huku wakiutunza ubao wa sauti wa asili. Pascal Taskin, mzaliwa wa Theux karibu na Liège, aliishika karakana ya Blanchet baada ya kumwoa mjane wa fundi huyo mwaka 1766. Hapsikodi yake ya mwaka 1769, iliyohifadhiwa Edinburgh, ina safu mbili za vibonyezo, oktava tano, na seti tatu za nyuzi: mbili za kimo kimoja, ya tatu oktava moja juu.

Piano ilikuwa imeshaanza kushika nafasi Mapinduzi ya 1789 yalipowaondoa makabaila waliokuwa wateja wakubwa. Uundaji ukafifia, kisha ukakoma.

Katika Maonyesho ya Paris ya 1889, kampuni za piano za Érard na Pleyel pamoja na fundi Louis Tomasini walionyesha hapsikodi mpya. Hata hivyo, waundaji wa piano waliona kuwa chombo cha kale kilihitaji kuboreshwa. Hapsikodi ya Pleyel ya mwaka 1912, iliyopigwa na Wanda Landowska, ilikuwa nzito na yenye pedali nyingi, na baadaye ikatiwa fremu ya chuma. Uzito huo uliibana sauti.

Mwaka 1949 Frank Hubbard na William Dowd walifungua karakana Boston wakiwa na nia ya kurudia ujenzi wa kale. Hubbard alichunguza vinanda vya makumbusho ya Ulaya, na matokeo yakatoka katika kitabu chake cha mwaka 1965. Dowd akafungua karakana Paris kwenyewe mwaka 1971. Hubbard aliuza pia vipande vilivyokwisha kukatwa kwa mfano wa Taskin, mnunuzi akajiundia mwenyewe nyumbani.

Nakala ya namna hii huwa na sanduku la mbao nyepesi, mara nyingi za mpopla. Ubao wa sauti ni wa sprusi, wenye unene wa milimita tatu hivi, na hurandwa ukawa mwembamba zaidi kingoni ili utikisike kwa urahisi. Nyuzi nyembamba za chuma hutumika kwa sauti za juu, za shaba ya njano kwa sauti nzito. Mafundi wengi hutumia plastiki badala ya unyoya, kwa kuwa hudumu zaidi.

Kwa kuwa hapsikodi nyingi za kale zilifumuliwa zaidi ya mara moja, vipimo pekee havimtoshi fundi. Hulazimika kwanza kutambua kila sehemu ilitiwa lini, kisha aamue anakili hali ipi: ile ya mwanzo ya Antwerp, au ile iliyokamilishwa Paris.