Bakteria sugu: wanavyodumu kwenye ngozi na vitanda vya hospitali

Mgonjwa amefanyiwa upasuaji na mambo yamekwenda vizuri. Baada ya siku chache mshono unavimba na kutoa usaha. Anapewa dawa, lakini kidonda hakiponi. Huenda ameingiwa na bakteria sugu, yaani wale ambao dawa tulizozizoea haziwaui tena. Katika makala haya tunaeleza wanakaa wapi, wanadumuje na nini kinawaondoa.

Wanakaa wapi?

Anayejulikana zaidi ni Staphylococcus aureus. Takriban watu 3 katika kila 10 wanaye puani bila kuumwa. Hukaa pia kwapani na kwenye kinena. Juu ya ngozi nzima kwa kawaida hana madhara. Hatari huja akipata mlango: kidonda, sehemu iliyoungua, mshono au tundu la sindano ya dripu.

Mwaka 1959 ilitoka dawa ya methisilini, ili kuwaua wale walioishinda penisilini. Kufikia 1961, Uingereza tayari ilikuwa imegundua bakteria walioishinda hiyo pia. Aina hiyo sugu huitwa MRSA, na leo iko duniani kote.

Wanadumuje?

Bakteria huyu ana ukuta mnene, hivyo huvumilia ukavu na chumvi ya jasho. Kwenye sehemu kavu kama kitasa cha mlango, chuma cha kitanda, godoro au pazia, anaweza kuishi kuanzia siku 7 hadi miezi 7. Mwenzake, Acinetobacter, anayesumbua vyumba vya wagonjwa mahututi, anaweza kufikisha miezi 5. Damu na usaha vilivyokauka huwapa kinga zaidi.

Hawana miguu wala mabawa. Mara nyingi husafirishwa na mikono yetu: ya muuguzi, ya mgonjwa, na ya ndugu anayeuguza.

Sugu kwa dawa, si kwa sabuni

Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Antibayotiki hufanya kazi kama ufunguo: hushika sehemu maalumu ya bakteria. MRSA amebadilisha kitasa, kwa hiyo ufunguo hauingii. Sabuni haihitaji ufunguo. Humng'oa mkononi, na maji yakaenda naye. Spiriti na klorini nazo huharibu mwili wake, awe sugu au asiwe sugu.

Kwa hiyo, ukimuuguza mtu:

- Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kabla na baada ya kumgusa.
- Palipomwagika damu au usaha, vaa glavu, futa na osha kwa sabuni kwanza, ndipo upake klorini. Uchafu hupunguza nguvu ya klorini.
- Mgonjwa akiharisha, usitegemee kitakasa mikono peke yake. Baadhi ya vimelea vya kuharisha haviuawi na spiriti. Tumia maji na sabuni.
- Usikae kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, wala msichangie taulo au wembe.
- Usinunue antibayotiki bila kupimwa. Dawa huua bakteria dhaifu, wale sugu wakabaki na nafasi tele ya kuzaana. Ukiandikiwa, tumia kama ulivyoelekezwa.

Usione haya kusema, "Samahani dada, naomba unawe mikono kwanza kabla ya kumfungua kidonda." Huo si utovu wa adabu, unamlinda mgonjwa wako, yeye mwenyewe, na mgonjwa wa kitanda kinachofuata.

Na mkirudi nyumbani, kidonda kikawa chekundu, kikapata joto, kikatoa usaha au homa ikapanda, msibadilishe dawa wenyewe dukani. Rudini kituo cha afya mapema ili kipimwe ni bakteria gani, na ni dawa ipi bado inamuua.