Bolti na Kiguzo: Historia Fupi ya Kifungio cha Injini

Aghalabu istilahi mpya huzaliwa pale kazi inapowalazimisha watu kutofautisha vitu viwili vilivyokuwa vikiitwa kwa jina moja. Katika makala haya twakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kufuata historia ya vifungio vya injini, na hasa kimoja ambacho huitwa bolti ingawa si bolti.

Kiswahili kilikuwa na msamiati wa vifungio kabla ya kujua injini. Neno hesi, yaani mkato uzungukao msumari, limo katika kamusi za zamani, na parafujo tulilipokea kutoka kwa Wareno. Bolti, nati na spana tulizitohoa baadaye kutoka Kiingereza.

Huko Uingereza kwenyewe vitu hivyo havikuwa na utaratibu mmoja. Hesi za karakana moja hazikulingana na za nyingine, mpaka Joseph Whitworth alipopendekeza mwaka 1841 hesi sanifu za pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza digrii 60 kwa Marekani. Tofauti hiyo iliwasumbua sana washirika hao katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikaafikiana juu ya hesi moja.

Vipimo vikapatana, lakini kazi ya injini ikaleta haja nyingine. Krankshafti, ambayo hugeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, hulala katika beringi kuu, na kila beringi hushikwa kwa kifuniko kilichofungwa kwenye bloki. Injini ya V8 ya Chevrolet iliyotolewa mwaka 1955 ilikuwa na beringi kuu tano na ujazo wa inchi 265. Kufikia mwaka 1970 injini za ukoo huo zilikuwa zimefika inchi 400, na mafundi wa magari ya mashindano walizidi kuziongezea nguvu. Ili vifuniko visitikisike, wengi wao waliondoa bolti na kutia kifungio cha namna nyingine.

Tofauti yao ni hii. Bolti ina kichwa, nayo hukazwa kwa kuzungushwa yenyewe; kwa hiyo husokotwa na kuvutwa kwa wakati mmoja, na kila ifungwapo na kufunguliwa hula hesi za bloki. Kifungio cha pili hakina kichwa. Hutiwa katika bloki kwa mkono, kikakaa papo hapo, na nati ndiyo izungukayo. Upande wa nati aghalabu huwa na hesi za karibu karibu, ili mkazo upimike kwa usahihi zaidi. Hata hivyo, badiliko hili huweza kulipotosha tundu la beringi. Kwa hiyo hapana budi matundu yote yapimwe upya, na ikibidi yachongwe tena katika mstari mmoja.

Hapa ndipo mfasiri anapobeba dhima. Akiviita vyote bolti, fundi atakikaza kwa spana kifungio kipasacho kutiwa kwa mkono, na karani wa bohari ataagiza vipuri visivyotakiwa. Kosa la neno moja laweza kuharibu krankshafti nzima.

Je, kifungio hiki tukiite nini? Tukitohoa jina lake la Kiingereza tutapata stadi, neno ambalo tayari ni sifa ya mtu hodari wa kazi. Na agizo la "kaza stadi" litakuwa kichekesho. "Bolti isiyo kichwa" yaeleweka, lakini ni ndefu, tena yaeleza kilichokosekana tu. Sisi twapendekeza kiguzo, wingi viguzo, kwa kuwa kitu chenyewe husimama katika bloki mithili ya nguzo ardhini. Maelekezo yatakuwa mepesi: "Tia viguzo kwa mkono, weka kifuniko, kisha kaza nati."

Twawaomba walimu wa vyuo vya ufundi walijaribu neno hili karakanani, mbele ya mafundi wenyewe, na kutuletea maoni yao. Wakiwa na neno lililo bora zaidi, tutalipokea kwa shukrani.