Kutoka Maabara hadi Mbeleko: Lugha na Biokemia ya Utapiamlo Mulago, Kampala

Historia ya biokemia katika Afrika Mashariki aghalabu huelezwa kupitia vyuo, maprofesa na machapisho yao. Makala haya yanaitazama kupitia swali jingine: maarifa ya maabara yanapopatikana, ni maneno gani huyarudisha kwa watu waliotoa damu yao ili yapatikane? Jibu linatafutwa Mulago, hospitali ya mafunzo ya shule ya tiba ya Makerere, katika miongo miwili inayoishia mwaka 1973.

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliingiza katika tiba jina kwashiorkor kutoka lugha ya Ga. Jina hilo lilihusu maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Kiswahili kimelipokea kwa umbo la kwashakoo. Nchini Uganda, Hugh Trowell aliudhania ugonjwa huo kwanza kuwa aina ya pelagra; baadaye yeye, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean walitoa kitabu mwaka 1954 kikisisitiza upungufu wa protini. Waganda, kwa upande wao, walikuwa na neno obwosi, lililohusishwa na mama kushika mimba nyingine mtoto angali ananyonya. Msemaji wa Kiswahili hatakosa kuona ujirani wa neno hilo na kubemenda. Wataalamu walilaumu chakula, jamii ikalaumu mwenendo. Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa zimetambua wakati uleule wa hatari, yaani mtoto anapotoka ziwani.

Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikuwa na kitengo chake Mulago, kikiongozwa na Dean. Mwaka 1959 alijiunga nacho mwanabiokemia Roger Whitehead. Tatizo lililomkabili lilikuwa kwamba uvimbe huonekana hali ikiwa imekwisha kuwa mbaya. Mwaka 1964 alichapisha njia ya kuutambua ugonjwa mapema zaidi. Damu kidogo ya kidole ilichukuliwa, asidi amino zake zikatenganishwa kwa kromatografia ya karatasi, kisha zile ambazo mwili waweza kuziunda, kama glisini na serini, zikalinganishwa na zile ambazo hazina budi kutoka katika chakula, kama lusini na valini. Uwiano ulipopanda, mtoto alikuwa hatarini hata kama bado alionekana mzima. Udogo wa kiasi cha damu nao ulikuwa na uzito wa kijamii, kwa kuwa utoaji wa damu ulikuwa umezua hofu na uvumi miongoni mwa wazazi.

Lakini uwiano wa asidi amino haupikiki. Mwaka 1965 kilifunguliwa Mulago kituo cha lishe kilichoitwa Mwanamugimu, jina lililotokana na methali ya Kiganda isemayo kuwa mtoto mwenye siha hutoka kwenye ngozi, yaani mbeleko. Hapo akina mama walikaa na watoto wao na kujifunza kuandaa kitobero: ndizi au viazi vitamu vilivyochanganywa na maharage au karanga, pamoja na samaki au nyama ilipopatikana, vikapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Somo la asidi amino zinazokamilishana lilifundishwa bila kutajwa.

Mapinduzi ya 1971 na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 viliyumbisha taasisi nyingi za Uganda. Mwaka 1973 Whitehead aliondoka kwenda kuongoza taasisi ya Dunn, Cambridge, na utafiti wake wa nyanjani ukaendelea Gambia. Mwaka uliofuata, Donald McLaren alihoji vikali katika jarida la Lancet mkazo uliowekwa juu ya protini peke yake. Hivyo wataalamu walihama, na hata nadharia yao ikatikisika. Mwanamugimu ilibaki, na chakula mchanganyiko kilichofundishwa hapo hakikuangushwa na mjadala huo. Si lugha pekee iliyokiokoa kituo: kilikuwa na watumishi Waganda, na vyakula vyake vilitoka shambani kwa mama mwenyewe. Hata hivyo, jina lilikifanya kiwe mali ya waliokitumia.

Funzo kwa sera ya leo liko wazi. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Istilahi kama kimeng'enya na protini ni za lazima, lakini hazitoshi. Idara ya biokemia inayotaka matokeo yake yaishi yapasa kupanga tangu mwanzo, na kutengea bajeti, kazi ya kuyaunganisha na maneno ambayo jamii tayari inayatumia kuufikiria mwili. Mtafiti asiyejua maana ya kubemenda atapima damu ya mtoto kwa usahihi, na bado asieleweke na mama yake.