Mafuvu ya Hallstatt

Ukitaka kujua idadi ya watu wa Hallstatt, usianze na sensa. Anza na chumba kidogo kando ya makaburi ya kanisa la Kikatoliki. Humo kuna mafuvu yapatayo 1,200, na zaidi ya 600 yamechorwa maua na majani, jina la mwenyewe likiandikwa kwenye paji la uso. Walio hai mjini? 700 na ushei tu. Yaani ikipigwa kura leo, marehemu wanashinda asubuhi na mapema.

Sijawahi kufika huko, lakini mji huu wa Austria umenikaa akilini. Umebanwa kweli: mbele ziwa, nyuma mlima. Mahali pa kuzika palikuwa padogo, kwa hivyo baada ya miaka 10 au 15 kaburi lilifukuliwa ili limpishe mwingine. Fuvu liliachwa nje mpaka likawa jeupe, kisha likachorwa. Kwetu ukifukua kaburi wazee wataitwa. Kule ilikuwa heshima.

Mbona basi watu wang'ang'anie mahali pafinyu hivyo? Chumvi. Mlima ule umechimbwa kwa miaka kama 7,000, na kazi inaendelea hadi leo. Mgodini ilipatikana ngazi ya mbao ambayo miti yake ilikatwa mwaka 1344 hivi kabla ya Kristo. Chumvi ilihifadhi nyama, ikaleta mali. Kati ya 1846 na 1863, msimamizi wa mgodi, Johann Georg Ramsauer, alifukua makaburi ya kale karibu 1,000. Katika makaburi hayo ya Hallstatt zimepatikana panga zenye mipini ya pembe za ndovu. Hebu fikiria safari ya pembe hizo kutoka Afrika mpaka milimani kule, na hakuna hata barabara! Wanaakiolojia waliipa Enzi ya Chuma ya mwanzo ya Ulaya ya Kati jina la mji huu.

Wachimbaji wenyewe hawakuwa na kauli kubwa. Mwaka 1734 walikuta mgodini maiti ya mchimbaji wa kale, imehifadhiwa na chumvi. Mwaka huohuo serikali ya Kaizari Karl VI ilianza kuwahamisha kwa nguvu Waprotestanti wa wilaya hizi za chumvi, ikawapeleka Transylvania, ambayo leo iko Romania. Mimi tukio hili ndilo lililoniuma: mfu wa kale anatolewa mlimani, na walio hai wanatolewa kwao.

Barabara ya kupita magari ya farasi ilifika 1890. Siku hizi inaleta wageni hadi 10,000 kwa siku moja. China walijenga nakala ya mji mzima kule Guangdong, ikafunguliwa 2012. Mwaka 2023 uzio wa mbao uliwekwa kuziba mahali wageni wanapopigia selfi, watu wakalalamika, ukang'olewa. Na katikati ya zogo lote hilo, wenyeji wanapungua. Miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 1,000.

Mafuvu nayo hayaongezeki, maana siku hizi wengi huchomwa wakifa. La mwisho liliwekwa 1995, la mwanamke aliyefariki 1983. Bado lina jino la dhahabu. Mwenyeji anayetaka kuwekwa pale karibu naye anaruhusiwa, mradi aandike kwenye wosia wake.