Kabla ya Wodi: Sayansi za Maabara na Historia ya Kumwandaa Muuguzi Marekani

Vyuo vingi vya uuguzi nchini Marekani havimpokei mwombaji mpaka awe amekwisha kufaulu masomo kadhaa ya sayansi: anatomia na fiziolojia ya binadamu, ambayo husomwa kwa mihula miwili, kisha mikrobiolojia, na mara nyingi kemia. Kila somo lina mihadhara yake na maabara yake. Kwa kuwa masomo haya hayahesabiki kuwa sehemu ya mafunzo ya uuguzi yenyewe, mwanafunzi huyapanga mwenyewe, na wengi huchukua mawili au matatu katika muhula mmoja ili wasichelewe. Hapo ndipo huzuka mjadala usiokwisha kama jambo hilo linawezekana au ni kujitafutia kufeli. Mjadala huo una historia ya zaidi ya miaka mia moja, na historia yenyewe inatoa jibu lililo wazi kuliko linavyodhaniwa. Kusoma sayansi nyingi kwa mkupuo kabla ya kuingia wodini kulibuniwa na waasisi wa elimu ya uuguzi, na kulifanikiwa. Lakini kulifanikiwa kwa sababu aliyesoma hivyo alipunguziwa mengine yote. Leo mzigo ule umebaki, ila nafuu zilizoambatana nao zimeondolewa, na gharama ya kuondolewa kwake imeachiwa mwanafunzi.

Ili kuona kwa nini sayansi ilitangulizwa, hatuna budi kukumbuka ilikuwa wapi kabla ya hapo. Shule za kwanza za Marekani zilizofuata mfano wa Florence Nightingale zilifunguliwa mwaka 1873 katika miji ya New York, New Haven na Boston, na baada ya hapo hospitali nyingi zikaanzisha shule zao. Sababu ya ongezeko hilo haikuwa elimu peke yake. Mwanafunzi wa uuguzi alikuwa mfanyakazi wa bei nafuu: alipewa chumba, chakula na posho ndogo, naye akahudumia wagonjwa mchana au usiku kwa zamu ndefu. Mafunzo ya darasani yalitolewa na madaktari nyakati za jioni, pale walipopata nafasi, mbele ya wasichana ambao miguu ilikuwa imekwisha kuwauma kwa kusimama tangu alfajiri. Mwanafunzi aliweza kumhudumia mgonjwa wa homa ya matumbo kwa wiki nyingi kabla ya kuelezwa ugonjwa huo husababishwa na nini. Kazi ilitangulia, maarifa yakafuata, na mara nyingine hayakufika kabisa.

Walioona hatari hiyo mapema walikuwa wauguzi wenyewe. Kule Glasgow, mwaka 1893, Rebecca Strong akishirikiana na daktari wa upasuaji William Macewen alianzisha masomo ya awali ya anatomia, fiziolojia na kanuni za usafi wa afya, ambayo mwanafunzi alipaswa kuyafaulu kabla ya kuanza mafunzo ya wodini. Mwaka 1896 Adelaide Nutting, mkuu wa shule ya uuguzi ya Johns Hopkins huko Baltimore, aliwasilisha kwa wakuu wenzake taarifa kuhusu saa ambazo wanafunzi wa shule za uuguzi walifanya kazi. Hoja yake haikuegemea huruma bali hesabu: mtu aliyechoshwa kiasi hicho hafundishiki. Mwaka 1901 Nutting alianzisha kozi ya awali ya miezi sita katika shule hiyo. Mwanafunzi alijifunza mwili wa binadamu, vyakula, dawa na usafi kabla ya kukabidhiwa majukumu kamili ya wodi. Tuyasome mambo haya mawili kwa pamoja, kwa maana ndiyo kiini cha suala zima. Aliyeweka sayansi mbele ya wodi ndiye yuleyule aliyekuwa akihesabu saa za uchovu. Kwake, kuitanguliza sayansi na kumpunguzia mwanafunzi kazi vilikuwa jambo moja.

Jaribio kubwa la wazo hilo lilikuja na vita. Mwaka 1918, Marekani ikiwa imeingia katika Vita Kuu ya Kwanza na hospitali zikiwa na upungufu wa wauguzi, Chuo cha Vassar katika mji wa Poughkeepsie kiligeuzwa kwa majira ya kiangazi kuwa kambi ya kuwaandaa wauguzi, kwa msaada wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Wanawake zaidi ya 400, waliokuwa tayari na shahada kutoka vyuo vingi vya nchi hiyo, walisoma kwa wiki 12, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Septemba. Ratiba yao ingemtisha mshauri yeyote wa wanafunzi wa leo: anatomia na fiziolojia, bakteriolojia, kemia, lishe, usafi wa afya, elimu ya dawa, saikolojia na historia ya uuguzi, yote katika kiangazi kimoja. Walio wengi sana walimaliza, kisha wakaenda kwenye shule za hospitali mbalimbali ambako muda wao wa mafunzo ulifupishwa kwa sababu sayansi walikuwa wamekwisha kuipata. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wanawake wale walishika zaidi ya tano, na hazikuwaponyoka, kwa sababu hawakuachwa wazishike peke yao. Waliishi chuoni, walipikiwa, hawakuwa na zamu ya hospitali, na walimu wao walikuwa kundi moja lililopanga masomo yale kwa lengo moja.

Atakuwepo wa kusema kwamba mfano wa Vassar haufai, kwa kuwa wanawake wale walichaguliwa, walikuwa na shahada, na wengi walitoka katika familia zenye uwezo. Ni kweli, na ukweli huo unaizidishia uzito hoja yangu. Kama waandaaji wa mwaka 1918 waliona kuwa hata mhitimu wa chuo kikuu, mwenye uzoefu wa kusoma na asiye na shida ya fedha, hawezi kubeba sayansi hizo kwa pamoja bila kuondolewa shughuli nyingine, kwa mantiki gani tunamtarajia mama wa watoto wawili anayefanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee azibebe bila nafuu yoyote? Kadiri mwanafunzi anavyokuwa na akiba ndogo ya muda na fedha, ndivyo masharti ya usomaji wake yanavyopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi.

Baada ya vita, mawazo hayo yalipata nguvu ya kitaasisi. Mwaka 1923 ilitoka ripoti iliyoandikwa na Josephine Goldmark kwa ufadhili wa Rockefeller Foundation, na ikaonyesha bayana jinsi mahitaji ya hospitali yalivyokuwa yakiisukuma pembeni elimu ya mwanafunzi. Mwaka huohuo Yale ilifungua shule ya uuguzi chini ya Annie Goodrich, ikiwa sehemu ya chuo kikuu badala ya kuwa mkono wa hospitali. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na historia ikajirudia kwa upana zaidi. Sheria ya mwaka 1943 iliunda Cadet Nurse Corps, mpango wa serikali uliofupisha mafunzo ya uuguzi kutoka miezi 36 hadi 30. Miezi tisa ya mwanzo ilikuwa ya msingi, yenye masomo mengi yaliyobanwa pamoja. Serikali ililipa ada, vitabu na sare, na kumpa kila mwanafunzi posho ya dola 15 kwa mwezi katika kipindi hicho cha mwanzo, ambayo iliongezeka kadiri alivyosonga mbele. Zaidi ya wauguzi 124,000 walihitimu kupitia mpango huo. Kwa mara ya pili taifa lilitaka wauguzi kwa haraka, na kwa mara ya pili lilikubali kuigharimia haraka hiyo.

Mabadiliko yalianza pale uuguzi ulipohamia vyuoni kwa wingi. Ripoti ya Esther Lucile Brown ya mwaka 1948 ilihimiza mafunzo yatoke mikononi mwa hospitali, na mwaka 1951 Mildred Montag alipendekeza programu ya miaka miwili ambayo ilianza kujaribiwa mwaka uliofuata, hasa katika vyuo vya jamii. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Mwanafunzi aliacha kuwa kibarua wa hospitali na akawa mwanafunzi kweli. Lakini kadiri waombaji walivyozidi nafasi, na kadiri maarifa ya tiba yalivyopanuka, sayansi zilizokuwa ndani ya programu zilisukumwa nje na kuwekwa mlangoni kama sharti la kujiunga. Ndiyo maana programu inayoitwa ya miaka miwili humchukua mtu mitatu au zaidi. Kozi ya awali ya Nutting ilikuwa ndani ya shule: mwanafunzi alikuwa amekwisha kupokelewa, alikuwa na walimu wake na mahali pake. Masomo ya awali ya leo yako nje ya shule, na anayeyasoma hana hakika ya kupokelewa hata akiyafaulu yote.

Angalia basi hesabu anayokabiliana nayo. Somo la sayansi lenye maabara kwa kawaida lina krediti nne. Saa tatu za mihadhara kwa wiki hutoa krediti tatu, lakini saa tatu za maabara mara nyingi hutoa moja tu. Masomo matatu ya namna hiyo hufanya krediti 12, na krediti 12 ndizo zinazomfanya mwanafunzi ahesabiwe kuwa wa muda wote. Kwenye karatasi, huyo ana mzigo wa chini kabisa. Katika maisha yake, ana saa 18 za kuwa darasani na maabara kila wiki, na akifuata kanuni ya kujisomea saa mbili kwa kila saa ya mhadhara, zinaongezeka nyingine 18. Hizo ni saa 36 kabla hajaandika ripoti ya maabara hata moja. Anayehitaji ruzuku kamili ya masomo, au mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, hawezi kwa kawaida kushuka chini ya krediti hizo 12. Mtanzania aliyepitia tahasusi ya PCB anaweza kudhani hali hii anaifahamu, maana naye alibeba fizikia, kemia na biolojia kwa wakati mmoja. Lakini PCB hupangwa na shule moja, kwa ratiba moja, na husomwa kwa miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, tena wengi wakiwa bweni. Akifika Marekani na kuyakuta masomo matatu yanayopaswa kukamilika kwa miezi minne huku akilipa kodi ya nyumba, hapaswi kuyapima kwa kipimo kilekile.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba ugumu huo ni mchujo wa haki: wodini kuna shinikizo, na asiyeweza kuhimili muhula mzito hatahimili zamu nzito. Nakubali kabisa kwamba sayansi hizi zisilegezwe. Muuguzi asiyeelewa figo zinavyofanya kazi anaweza kumdhuru mgonjwa kwa dawa aliyoandikiwa sawasawa. Lakini mchujo hupima kile tu kinachotofautisha wanaochujwa. Ikiwa watu wawili wana akili sawa na bidii sawa, mmoja akiwa na saa 40 za kusoma kwa wiki na mwingine akiwa na 15, tofauti ya alama zao itatueleza zaidi kuhusu pochi kuliko kuhusu uuguzi. Waasisi walikuwa na mchujo wao, tena mkali. Waliwapa wanafunzi kipindi cha majaribio, wakawafundisha vizuri, kisha wakawaondoa walioshindwa. Walimpima mtu baada ya kumpa nafasi ya kujifunza.

Wengine watauliza kama basi suluhisho si kila mtu achukue somo moja kwa muhula. Ushauri huo ni rahisi kuutoa na ghali kuufuata. Vyuo vingi huhesabu matokeo ya sayansi kuwa yamechakaa baada ya miaka mitano au saba, ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi ina ukomo wa muda, na kila mwaka unaoongezeka ni mshahara wa muuguzi usiopokelewa. Asiye na kazi ya kuajiriwa na mwenye watu wa kumsaidia nyumbani anaweza kuunganisha kemia na nusu ya kwanza ya anatomia na fiziolojia bila kujiumiza, kwa sababu la kwanza hulisaidia la pili. Asiye na msaada huo ana haki ya kwenda polepole, na mwendo wake usihesabiwe kuwa udhaifu. Wajibu mkubwa, hata hivyo, ni wa vyuo. Chuo kinachotaka sayansi itangulie kinapaswa kuihesabu maabara kwa saa zake halisi, kupanga ratiba za masomo hayo ili mitihani yake isigongane, na kuhakikisha msaada wa fedha unamfikia mwanafunzi tangu muhula huo wa kwanza, kama serikali ilivyofanya mwaka 1943. Elimu hii ilianzishwa na watu waliodai sayansi zaidi na uchovu pungufu kwa pumzi moja. Anayedai la kwanza na kulisahau la pili amechukua nusu tu ya walichokipigania.