Hesabu ya Majira Katika Mji wa Dar es Salaam

Katika nchi za baridi, kujua siku ziwa linapoganda na siku linapoyeyuka ni jambo kubwa. Huko Japani, makuhani wa Ziwa Suwa wameandika habari za kuganda kwake tangu mwaka 1443. Pwani ya Afrika ya Mashariki haina barafu. Lakini bahari yake nayo hufunga na kufunguka, na ufunguo wake ni upepo.

Zama za tanga, majahazi ya Arabuni yalishuka kwa kaskazi, aghalabu tangu Desemba hata Machi, yakarejea kwa kusi iliyoanza Aprili. Nahodha aliyechelewa alikutwa na kusi ya katikati ya mwaka, ambayo nguvu zake huitia bahari ya Arabuni hatarini. Basi Sayyid Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, bandari yake ilirithi hesabu ya kale.

Hesabu hiyo ilianzia Nairuzi: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za ziada. Ahmad bin Majid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15, alipanga safari kwayo. Lakini mwaka wa siku 365 hupungukiwa na siku moja kila miaka minne. Zama zake Nairuzi iliangukia Novemba. Leo Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, husherehekewa Julai. Hesabu ilitembea, pepo zikabaki mahali pake. Ndiyo maana wenye busara hawakutegemea vidole peke yake, bali walitazama na mbingu. Mkulima alisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Mji ulipokua, haja ya kutabiri ilihama kutoka gatini ikaingia sokoni. Kariakoo, iliyopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, hula kwa jasho la mashamba. Masika ya Machi hadi Mei yakikawia, au vuli ya Oktoba hadi Desemba ikikosa, bei hupanda. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupima joto la bahari: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukizidi joto kuliko mashariki, vuli huelekea kuwa nyingi, kama ilivyokuwa mwaka 1997.

Hata hivyo, utabiri wa msimu hutaja wingi wa miezi, hautaji usiku. Jirani ya Kariakoo, katika bonde la Msimbazi, usiku mmoja ndio wenye kuua. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande.

Nahodha aliyejua siku ya kusi aling'oa nanga. Mkaazi wa bondeni hujua masika yanakuja, lakini nyumba haina tanga. Elimu ya majira humwokoa mtu iwapo tu ana mahali pa kwenda.