Simu Kabla ya Kioo

Simu iliishi miaka mingi bila kioo. Tangu Alexander Graham Bell alipopewa hataza yake mwaka 1876, babu zetu na baba zetu waliijua kama chombo cha sikio na mdomo. Zilipokuja simu za kuzungusha, namba zilikaa kwenye kisahani chenye matundu 10, na kidole kiliyahesabu chenyewe, iwe usiku au mchana. Ndiyo maana Arthur Pearson, mmiliki wa magazeti wa Uingereza aliyepofuka ukubwani, alipoanzisha St Dunstan's mwaka 1915 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani, kazi mojawapo waliyofundishwa ilikuwa kupokea na kuunganisha simu. Hata huku kwetu, asiyeona aliyebahatika kuajiriwa ofisini mara nyingi ulimkuta kwenye meza ya simu.

Naanzia mbali makusudi. Hapa kijijini kwetu Kiwangwa wapo wanaoamini kwamba asiyeona na simu wamekutanishwa juzi tu, kwa huruma ya mtaalamu fulani wa Ulaya. Sivyo. Simu ilikuwa yetu, kioo kikaja kutuweka pembeni, na tangu hapo kila mmoja wetu anapoingia dukani kuchagua simu anatafuta njia ya kurudi.

Mimi ni mkulima wa mananasi. Surua ilinichukua macho kabla sijaanza shule, nikasomea Buigiri kule Dodoma, shule ya wasioona iliyoanzishwa 1950, nikajua nukta nundu, kisha nikarudi kulima shamba la mama. Simu za mkononi zilipoanza nchini na Mobitel mwaka 1994 zilikuwa za wakubwa wa Dar es Salaam. Vodacom ilipoingia 2000 na Celtel 2001, ndipo wachuuzi wa mananasi wakaanza kutujia na simu kiunoni, na sisi wakulima tukaelewa kwamba asiye na simu atauza kwa bei yoyote atakayotajiwa na mwenye lori.

Simu ya kwanza niliyoichagua mwenyewe ilikuwa Nokia 1100. Ilitoka 2003, ikauzwa duniani zaidi ya milioni 200. Wenzangu waliipendea tochi. Mimi niliipendea batani zake: zilikuwa za mpira, kila moja imeinuka peke yake, na kwenye 5 palikuwa na alama ndogo ya kupapasa. Ukishaipata 5, namba nyingine zote unazijua zilipo.

Tulikuwa na utaratibu wetu wa kukagua simu dukani, na nauandika kwa sababu vijana wasioona wa leo hawaujui. Kwanza dole gumba linaitafuta 5. Halafu linashuka taratibu hadi 0, likipima kama kati ya mstari na mstari kuna bonde. Simu nyembamba za urembo, ambazo batani zake zilikuwa bapa na zimeungana, zilirudishwa kabatini papo hapo hata kama muuzaji alikuwa tayari kupunguza bei. Kisha unabonyeza na kusikiliza: je, kila batani inalia? Je, ikiwaka na ikizimwa inatoa sauti mbili tofauti? Mwisho ni menyu. Kwenye Nokia za wakati ule, kama ile 3310, kila kitu kwenye menyu kilikuwa na namba yake. Uliingia kwenye Menyu, ukabonyeza namba za njia, ukafika kwenye kengele au kwenye ujumbe bila kumwita mtu. Nilizikariri njia hizo, na nilizipiga kwa nukta nundu kwenye karatasi ngumu ili wenzangu wa Msata na Bagamoyo wazipate. Chaji nayo ilikuwa muhimu. Kuchajisha kulikuwa kwa kulipia dukani, na simu ya betri ndogo ilimaanisha kuiacha mikononi mwa watu kila mara.

Kupiga na kupokea hakukutushinda. Kilichotushinda ni kila kitu kilichoandikwa. Vocha ya kukwangua ilikuwa na tarakimu za wino mtupu, hazipapasiki. Nilikwangua mwenyewe kwa sarafu, halafu nikampa mtoto anisomee huku nikibonyeza *104* na zinazofuata. Nilichagua msomaji kwa uangalifu kuliko nilivyochagua simu: binti wa dada yangu kwanza, akiwa shambani basi mke wa jirani, na kama wote hawapo vocha ilikaa mfukoni.

Aprili 2008 M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ikafika Tanzania, na hapo jambo likabadilika uzito. Mchuuzi aliyekuwa akinihesabia noti mkononi, noti ambazo naweza kuzipima kwa vidole, sasa alinitumia maandishi. Ili nitoe pesa nilipaswa kupiga *150*00#, kufuata menyu nisiyoiona, kisha kuingiza namba ya siri. Menyu niliikariri, ingawa ilipobadilishwa mpangilio hatukupewa taarifa. Lakini ujumbe wa malipo niliukariri vipi? Kijana mmoja aliyekuwa akinisaidia alinisomea kiasi pungufu, akanitolea hicho, kilichobaki akakihamisha. Nililigundua jambo hilo mnunuzi aliponipigia kuuliza kama zile laki mbili zimeingia. Wapo wasioona wengi waliompa wakala namba ya siri waziwazi, mbele ya foleni, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Hili linaniuma hadi leo. Namba ya siri inayojulikana na watu wawili ni ufunguo wa nyumba yako ulioachwa kwa jirani.

Wakati huohuo, dawa ilikuwepo duniani. Wajerumani walikuwa wametengeneza programu iitwayo Talks, na kampuni ya Code Factory ya Barcelona ilikuwa na Mobile Speak. Zote zilisoma kioo kwa sauti kwenye Nokia za Symbian, kama 6600. Ila zilihitaji simu ya bei kubwa, leseni iliuzwa kando, na leseni hiyo peke yake ilizidi thamani ya simu zetu. Kwa mkulima wa Kiwangwa lilikuwa jambo la kusimuliwa.

Kilichotufikia sisi ni simu za Kichina. Zilikuwa na spika zenye kelele, batani kubwa, laini mbili, na nyingi zilitaja namba kila ulipobonyeza, kwa Kichina au kwa Kiingereza. Waonao walilalamika kuwa zinapiga kelele. Sisi tulizitafuta kwa udi na uvumba, maana kwa mara ya kwanza ulisikia ulichobonyeza kabla hujampigia usiyemkusudia. Halafu ikaja Juni 2016. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitangaza kwamba simu bandia zitazimwa usiku wa tarehe 16. Watu walibonyeza *#06#, wakatuma namba ndefu iliyotokea kwenda 15090 kuuliza kama simu yao ni halali. Yangu haikuwa halali. Naelewa sababu za serikali, na simu bandia kweli zilikuwa tatizo. Lakini katika mijadala yote niliyoisikia redioni sikusikia ikitajwa kwamba miongoni mwa simu zilizokufa usiku ule zilikuwemo zile pekee zenye sauti ambazo asiyeona maskini alizimudu. Na hii ilikuwa miaka 6 baada ya Bunge kutunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010.

Njia ya kurudi ilikuwa imeshafunguliwa kwingine. Juni 2009 iPhone 3GS ilitoka ikiwa na programu ya kusoma kioo, VoiceOver, ndani yake, bila kununua leseni. Mwaka huohuo Android 1.6 ikaja na TalkBack, ambayo T. V. Raman, mhandisi wa Google mzaliwa wa India na mwenyewe haoni, alishiriki kuiasisi. Mwanzoni TalkBack ilitegemea batani za simu. Ni Android 4.0 ya 2011 iliyomwezesha asiyeona kupapasa kioo chenyewe na kusikia kilicho chini ya kidole.

Nilipokwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kutafuta simu ya aina hiyo, muuzaji aliniambia, "Mzee, hizi za kioo zitakusumbua, chukua kitochi." Nikamjibu, "Mwanangu, shikilia batani zote mbili za sauti, usiachie mpaka iseme." Akashikilia. Simu ikasema. Akaita wenzake waje wasikie.

Utaratibu wa kukagua umebadilika. Sasa nauliza RAM, kwa sababu yenye GB 1 sauti inachelewa, kidole kimeshafika kwingine. Nataka tundu la hedifoni. Nataka sehemu ya alama ya kidole iwe nyuma au ubavuni, mahali panapopapasika. Na kabla ya kulipa natumiwa ujumbe wa Kiswahili nisikie unavyosomwa. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "Imethibitishwa" ya ujumbe wa malipo inatoa kitu ambacho hakieleweki. Tuliokolewa kwanza na eSpeak ya Jonathan Duddington, ya bure, yenye Kiswahili kikavu lakini sahihi, kisha sauti ya Google ikaja na Kiswahili laini zaidi. Siku niliyojisomea mwenyewe salio langu sikumwambia mtu kiasi.

Bado nina simu mbili. Ile janja inanisomea ujumbe wa wachuuzi, bei za sokoni na magazeti. Lakini ukipiga *150*00# kwenye simu janja, namba ya siri huonekana wazi kwenye kioo na TalkBack huitaja kila tarakimu kwa sauti. Ukisahau hedifoni, duka zima limesikia. Tena menyu hukatika kabla haijamaliza kusomwa.  Kwa hiyo laini ya pesa imo kwenye kitochi cha batani, njia ya menyu imo kichwani, na dole gumba linaanzia kwenye 5. Ujumbe wa malipo ukiingia nahamishia laini kwenye ile nyingine, nasikiliza, kisha nairudisha. Kazi hiyo ya kuchomoa na kuchomeka laini ningependa kampuni za simu ziione zinapopanga menyu zao.